Kijani Kisichochapika

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa Bomet, nje ya ofisi za kaunti, nikimngoja mtu wa kutia sahihi ambaye tangu asubuhi alikuwa "anakaribia kufika", simu yangu iliponiletea ujumbe kwamba yule fundi wa rangi wa duka la uchapishaji pale Kericho amefariki. Nyinyi mnaonisoma kila wiki hamkumjua, na hata Kericho kwenyewe wanaomkumbuka sasa ni wachache. Aliyenitumia ujumbe ni mama mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi zamani, upande wa mapokezi. Aliongeza kwamba mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwa baba zake upande wa ziwani, na kwamba kwa vile mimi ni mwandishi, huenda ningependa kusema machache. Nilienda. Sikusema machache wala mengi. Nilikaa nyuma kabisa, nikafungua ratiba ya mazishi, nikaona picha yake: uso umetoka mwekundu kama tofali, meno ya manjano, na shati lililokuwa la buluu limegeuka zambarau. Mtu alitoa picha kwenye simu akaipeleka kwenye mashine ya kuchapa vile ilivyokuwa. Marehemu alitumia miaka yake bora kuwasihi watu wasifanye hivyo, na sisi tukamzika tukiwa na karatasi hiyo mikononi. Nilikasirika hadi nikashindwa kuimba.

Nilimjua mwishoni mwa miaka ya tisini, katika duka la uchapishaji lililokuwa nyuma ya hadiwea moja ya misumari na saruji mjini Kericho. Lilikuwa duka la kadi za harusi, vitabu vya risiti na mabango ya mikutano ya injili, mpaka mwenye duka aliponunua kompyuta na skana, vitu vilivyofunikwa kila jioni kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Alimpeleka fundi Nairobi akasome wiki chache, na fundi akarudi na kitabu cha vipande vya rangi ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Tangu siku hiyo, mteja akiingia na picha hakuulizwa kama anaitaka kubwa au ndogo. Aliulizwa kwanza, "Hii picha inaenda wapi?" Watu walichukia swali hilo, lilifanana na maswali ya polisi. Pasta mmoja alimjibu kwamba inaenda mbinguni. Fundi akamwuliza, bila kucheka, kama huko watatumia karatasi ya gazeti au ile ya kung'aa.

Mimi alinieleza maana ya swali hilo kwa subira ambayo sikuwa nimeistahili. Skrini, alisema, hutengeneza rangi kwa kuchanganya taa: nyekundu, kijani na buluu. Ukiziwasha zote kwa pamoja unapata nyeupe. Karatasi haina taa. Inapakwa wino wa aina nne, yaani samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi, na ukiumwaga wote kwa pamoja unapata tope. Kwa hiyo ziko rangi ambazo taa inaziweza na wino hauziwezi kabisa. Mojawapo, kwa bahati yetu mbaya, ni kile kijani cha chipukizi la chai mvua ikishakatika na jua likatokea. Alichuma chipukizi moja nyuma ya duka, akaliweka mbele ya skrini, kisha juu ya karatasi, akanionyesha. Kwenye skrini lilipata ndugu yake. Kwenye karatasi lilikaa peke yake. Ndiyo maana, alisema, lazima mtu achague mapema kama picha yake itaishi katika mfumo wa taa au katika mfumo wa wino. Ikiwa ni ya kuchapwa, unaigeuza wewe mwenyewe, kwa macho yako, unakubali kinachopotea na unaokoa unachoweza, kwanza kabisa nyuso za watu. Usipochagua wewe, mashine iliyo mbele itakuchagulia, na mashine haijui uso ni nini. "Hasara iko tu," aliniambia. "Afadhali mimi nichague nipoteze gani."

Lazima niseme pia alikuwa nani, ingawa najua baadhi yenu mtanuna. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, si mbali na mji. Baba yake alitoka ziwani, kwa watu wa kabila jingine, akiwa kijana, akafanya kazi kwenye sehemu ya kunyaushia majani mpaka mgongo ukamkatalia. Mtoto alisoma huku, alichuma chai huku wakati wa likizo, akabatizwa huku, na Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu mimi, ambao nao ni Wakipsigis wa kuzaliwa na watanisamehe. Ukimsalimia "Chamgei" alikujibu kama mtu wa nyumbani, kwa sababu alikuwa nyumbani. Lakini miaka ile, hasa uchaguzi ukinukia, jina la ukoo liliulizwa kabla ya jina la mtu, na la kwake lilimpeleka upande wa pili wa mstari kabla hajafungua mdomo. Sisi wenyeji tulijua jambo hili na hatukulizungumza. Tulikuwa watu wa kanisa, na watu wa kanisa huwa na njia zao za kutozungumza.

Sasa nifike kwenye pakiti. Juu ya Chepseon kulikuwa na kikundi cha wakulima wadogo, mama yangu akiwa mmoja wao, waliotaka kuuza chai yao wenyewe madukani, katika pakiti yenye picha ya mashamba yao. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na sijapata shule ya kufundisha, na mwenyekiti alikuwa ameahidi kunisemea mahali fulani. Huyo mwenyekiti alikuwa amekaa miaka mingi kama karani wa majani kwenye kituo cha kununulia. Alikuwa anaingiza mkono kwenye kikapu cha mama wa watu, anatoa konzi moja, anaitazama, na hapo hapo anajua kama hayo ni majani mawili na chipukizi au ni takataka za kuchemshia maji. Akitikisa kichwa, kikapu kizima kilimwagwa. Wanawake walimwogopa kuliko walivyowaogopa waume zao, na jicho lake kwa kweli lilikuwa jicho. Balaa yote ilitokana na kwamba jicho hilo halikuwa limewahi kukosea.

Siku ya kuidhinisha picha, kabla haijatumwa Nairobi kuchapwa kwenye pakiti, kamati nzima ilishuka Kericho, watu wanane, kwa sababu kwetu jambo la wengi haliidhinishwi kwa kutuma mtu. Kila mmoja lazima aone, na kila mmoja lazima aseme, kuanzia mkubwa. Utaratibu huu unasifiwa sana na wageni. Wasichoambiwa ni kwamba mkubwa akishasema, waliobaki wanaitikia. Fundi alikuwa amepanga viti mbele ya kompyuta kama kanisani. Kisha akafanya kosa, na kwa maoni yangu ndilo kosa lake pekee katika mkasa huu: aliwaonyesha kwanza picha jinsi ilivyotoka kwenye skana, bado iko katika mfumo wa taa. Kilima kizima kiliwaka. Wazee waliguna kwa raha. Ndipo akawapa karatasi ya majaribio, aliyoigeuza katika mfumo wa wino kwa kazi ya siku mbili. Kijani kilikuwa kimeshuka, ndiyo, lakini kilikuwa kijani cha kweli, na wale wachumaji wawili kwenye picha walikuwa na nyuso za watu walio hai.

Mwenyekiti aliichukua ile karatasi akaisugua kati ya vidole vyake, kama alivyozoea kusugua jani. "Hii ningekataa kituoni," alisema. "Hii ni majani imekomaa. Ile ya kompyuta ndio chai yetu."

Fundi alimweleza kwa Kikipsigis, kwa heshima zote, akianza na kumwita mzee. Mwenyekiti akamjibu kwa Kiswahili. Wale ambao hawajaishi kwetu hawataelewa uzito wa jambo hilo. Mtu anakuzungumzia kwa lugha yako, sawasawa, na wewe unamjibu kwa lugha ya watu wa kupita. Fundi alielewa. Akahamia Kiswahili, akasema, "Mzee, ile iko na taa ndani. Karatasi haina taa. Nikituma vile iko, mashine ya Nairobi itageuza yenyewe, na itaharibu." Mwenyekiti akamwuliza kama anataka kumfundisha yeye kijani. Wakaanza kuitikia mmoja baada ya mwingine: ile ya kompyuta, ile ya kompyuta. Mwanamke pekee kwenye kamati, mweka hazina, alikuwa wa mwisho kupewa nafasi. Alikuwa ameipeleka karatasi mlangoni akaitazama kwenye jua. Alisema kwamba yeye anaona hiyo karatasi inafanana na shamba lake saa kumi ya jioni. Akashukuriwa, akaambiwa wengi wameshasema. Na mmoja wa wazee akanong'ona kwa Kikipsigis, akisahau aliyekuwa anamsikia, kwamba hawa watu hawawezi kufurahi wakiona chai yetu inang'aa. Fundi aliinama akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari.

Kisha akanigeukia mimi. "Katibu, andika hapo nimewaambia itageuka." Nilikuwa na kalamu mkononi. Akarudia, polepole, kama mtu anayemsomea mwingine imla. Nikamtazama mwenyekiti. Hakupandisha sauti. Alisema, "Andika ile tumekubaliana." Nikaandika kwa mwandiko wangu wa chuo: "Wanakamati waliiona rangi kwenye kompyuta, wakaridhika nayo, wakaagiza kazi iendelee." Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeichunguza mara nyingi tangu wakati huo nikitafuta uongo ndani yake, ili angalau nijue kosa langu liko wapi, na sijaupata. Mwenye duka, ambaye hakutaka kupoteza mteja mkubwa, alimwambia fundi atume Nairobi kile ambacho wenyewe wamekipenda.

Pakiti zilirudi na rangi ya maji ya bwawa. Kilima kile kilichowaka kilikuwa kimezimika, kijani kimekuwa kahawia yenye ukungu, na wachumaji wetu wawili walikuwa na majivu usoni kama watu waliotoka kulazwa. Tulizifungua siku ya soko, Chepseon, mbele ya umati, mwenyekiti akiwa na tai. Mama mmoja mwenye duka aligeuza pakiti huku na huku, akauliza kwa upole kabisa kama hii ni chai ya mwaka jana. Ndani mlikuwa na chai nzuri kuliko yoyote iliyowahi kutoka ule mlima. Najua, kwa sababu sehemu yake ilichumwa na mama yangu kwa mikono yake. Lakini nani anaonja kilicho ndani ya pakiti inayoonekana imeoza? Madukani ilikaa, ikarudishwa, kikundi kikavunjika moyo, na pakiti tupu zilizobaki watu walizijaza udongo wakapandia miche. Kwa miaka kadhaa ungeweza kupita kwenye vitalu vya kule juu ukakuta chai changa, ya kijani cha kupendeza, ikiota kutoka kwenye picha ya chai mbaya.

Kamati ilirudi Kericho kutafuta wa kulaumiwa, ingawa kutafuta ni neno la adabu tu, maana alikuwa ameshapatikana. Mwenyekiti alisema fundi ameharibu. Fundi akasema aliwaonya. Mweka hazina akaanza kusema kwamba ni kweli, huyu kijana alisema, na mwenyekiti akamkatiza, akasema mkutano unafuata kilichoandikwa. Mwenye duka akaomba kisomwe. Nikasimama, nikafungua daftari, nikasoma ile sentensi moja.

"Soma tena," fundi akasema. Alikuwa ananitazama mimi, si wao.

Nikasoma tena.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," nikasema.

Alitikisa kichwa, akavaa koti lake. Wiki hiyo hiyo alifutwa kazi. Kufikia hapo maneno yalikuwa yameshatangulia mbele: kwamba alifanya makusudi, kwamba alitumwa, kwamba ndivyo walivyo. Hakuna aliyemgusa, na hakuna aliyehitaji kumgusa. Duka jingine la uchapishaji lililokuwa na kompyuta halikuwepo, na mtu aliyesemekana kuwachafulia wenyeji chai yao asingepata hata kazi ya kufagia majani kiwandani. Alifunga mizigo akaenda ziwani, kwa baba zake, mahali ambapo hakuwahi kuishi. Huko, nilikuja kusikia, binamu zake walimwita mtu wa majani chai na kucheka jinsi alivyozungumza lugha yao. Mweka hazina alijiondoa kwenye kamati na hakuwahi kunisalimia tena mpaka alipofariki. Mimi nilipata shule muhula uliofuata.

Nimeyatafakari haya tangu Jumamosi, na kadiri ninavyoyatafakari ndivyo ninavyoshindwa kumwekea mzigo wote mwenyekiti. Alikuwa mtu aliyeijua chai na hakuijua karatasi, na hakuna aliyekuwa amemwambia maishani mwake kwamba hivyo ni vitu viwili. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni na skrini inayong'aa kuliko ile ya Kericho, na wagombea wetu bado wanabandikwa kwenye nguzo za umeme wakiwa na nyuso za rangi ya machungwa kwa sababu kijana aliyewatengenezea mabango hakuuliza picha inaenda wapi. Hilo linachekesha, na linaweza kufundishwa kwa nusu saa. Lisilochekesha ni kamati. Nimekaa katika nyingi tangu wakati ule, za shule, za kanisa, za maji, za barabara, na katika kila moja nimemwona mtu mmoja anayeijua kazi akiwaonya watu wasioijua, na nimemwona katibu akisubiri amalize ndipo aandike. Daraja likianguka, dawa ikiharibika, daftari linafunguliwa na linasema wote waliridhika. Tunashangaa kwamba nchi hii ina wataalamu na haina maonyo. Maonyo yapo. Yalisemwa kwa sauti, mchana, mbele ya watu, na mtu mwenye mwandiko mzuri akayaacha yapite.

Nilimwona mara moja tu baada ya hayo, miaka mingi baadaye, katika mji mdogo wa upande ule, ambako nilikuwa nimekwenda kwa semina ya walimu. Alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti. Sikujua ni chake mpaka nilipokwisha kukaa kwenye stuli. Alinitengeneza kola, akaniinua kidevu kwa kidole, akanipiga picha. Alizungumza nami Kikipsigis, na niliona aibu jinsi alivyofurahi kukizungumza. Aliuliza habari za Kericho, za mvua, za afya ya mwenyekiti. Kwa muda wote huo nilikuwa napanga maneno, na mwishowe nilianza, nikasema kuna jambo la siku ile ambalo nimekuwa nikitaka kumwambia. Alikuwa anakata picha zangu kwa mkasi, nne nne, na hakuinua macho.

"Wewe uliandika vizuri," alisema. "Mwandiko wako ulikuwa safi sana."

Akanipa picha kwenye bahasha. Zilikuwa zimetoka barabara, ngozi yangu ni ngozi yangu, hakuna wekundu, hakuna majivu. Nikamshukuru nikaondoka, na lile jambo nikarudi nalo nyumbani. Ningeweza kurudi kesho yake. Semina ilikuwa ya siku tatu.

Kwa hiyo naomba wasomaji wangu mnivumilie niongeze leo kile ambacho hakikuingia kwenye daftari. Fundi aliwaambia wanakamati, mara mbili, kwamba picha ikitumwa ikiwa bado katika mfumo wa taa, rangi itageuka. Mweka hazina alimuunga mkono. Mwenyekiti hakukubali. Katibu alisikia kila neno, na katibu ni mimi. Na kama wewe unayesoma hapa umepewa daftari la kamati yoyote, hata iwe ya kununua masufuria ya kanisa, liandike onyo la yule aliyeshindwa kwa kura, liandike kwa maneno yake mwenyewe, siku hiyo hiyo, bado akiwa na kazi na bado akiwa na mahali pa kukaa. Usijitulize kwamba utaandika baadaye ukishakuwa mtu mzima mwenye jina na safu gazetini. Mimi nimeandika leo, kwa mwandiko ule ule mzuri, na mwenyewe tumemzika Jumamosi.